Udongo wa Tuta la Magomeni

Mikumi,
4 Novemba 2024

Baba mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo.

Barua hii nimempa Ashrafu, yule konda wa basi la Kilosa, na nimemsisitizia akupe mkononi, asiiache dukani kwa mtu. Simu niliyokununulia najua ulikoiweka. Masikio yamekataa, na maandishi yake unasema ni madogo kama chawa, basi yaishe. Tutaandikiana kama watu wa zamani.

Mimi mzima. Nyumba niliyopanga iko nyuma ya barabara kuu na malori yanapita mchana kutwa. Ofisini tumebaki wawili, mimi na kompyuta, maana wenzangu wote wa mradi wamerudi Dar kumalizia ripoti zao. Ukinisikia nikizungumza peke yangu usishangae. Lo, nimesahau, hata hutanisikia.

Uliniuliza kwenye msiba wa mama kazi yangu hasa ni nini, nami nikajibu vibaya kwa sababu nilikuwa nalia. Ni hivi: nalijenga tuta la mto Mkondoa ndani ya kompyuta, lile lile lililo nyuma ya nyumba yetu hapo Magomeni. Nalikata vipande vidogo vidogo, na kila kipande nakipa tabia yake: kinabeba uzito gani kabla hakijavunjika, kinapitisha maji kwa kasi gani. Halafu nafungulia mto uje. Udongo mkavu ni kitu kigumu, unasimama juu yake. Ukishiba maji unaanza kutembea kama uji. Ninachotafuta mimi ni pale katikati, unapoacha kuwa ukuta na kuanza kuwa mto. Nikijua hapo, kamati ya mafuriko itajua kama watu wa pembeni wahamishwe kabla ya masika au wabaki.

Sasa nina ombi. Vipimo vya udongo wa tuta lote ninavyo, isipokuwa wa pale kwenye kona, mto unapopinda nyuma ya choo chetu. Kwa kawaida fundi wa maabara ndiye huenda kuchukua, lakini gari la mradi liko gereji na kamati inakaa Desemba. Nichotee ndoo moja, baba. Usichukue wa juu, chimba mpaka kwenye goti. Ufunike, umpe Ashrafu. Ningekuja mwenyewe ila kazi zimenibana mno.

Msalimie Bi Siwema, rafiki wa mama.

Mwanao,
Hildegarda


Kilosa, Magomeni,
11 Novemba 2024

Mwanangu Hilda,

Milele amina. Marahaba, marahaba sana.

Ashrafu alinishika bega kwa nyuma nikaruka, nusura nimpige. Watu hawakomi. Wananiita weee, nikikaa kimya wanasema mzee ana maringo. Miaka yote ile ya kugongwa nyundo za reli sikioni, leo naambiwa nina maringo!

Ndoo yako hiyo hapo. Nimekutafutia udongo wa maana, hutakuwa na malalamiko. Kazi uliyoieleza nimeielewa, ingawa sijaelewa kwa nini mtu alipwe kwa kulibomoa tuta ambalo halijabomoka. Lakini wewe ni msomi na mimi nilikuwa mtu wa genge la reli, tuachane na hayo. Nina swali moja tu. Kwenye hilo tuta lako la kompyuta, nyumba yetu imo? Na mimi nimo?

Usiwe na wasiwasi juu yangu. Bi Siwema ananiletea chakula kila siku, jana ilikuwa ugali na mlenda, nikala mpaka nikalala na viatu. Tunakaa hapo barazani tunapiga soga. Yaani yeye anapiga, mimi naitikia kwa kichwa.

Misa ya mwaka ya mama yako ni Jumamosi tarehe 14 Desemba. Padre ameshaiandika. Ashrafu anasema basi la Ijumaa huwa halijai. Nakukumbusha tu.

Baba yako,
Wenceslaus


Mikumi,
12 Desemba 2024

Baba mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo.

Habari njema, kaa kitako kwanza. Tuta linasimama! Udongo wako nimeushindilia, nimeubana kwenye mashine, nimeupitishia maji, na wenyewe umekataa katakata kuvunjika. Nimeuingiza kwenye modeli, yaani lile tuta la kompyuta, nikaleta mafuriko, nikayaongeza, nikayaongeza tena. Kona yetu imebaki imesimama kuliko hata upande wa stesheni. Mhandisi Bonifas, bosi wangu, alikuja kuangalia akaniambia safi sana. Jana kamati imekaa na imeamua kwamba masika haya hakuna mtu wa Magomeni atakayehamishwa. Utalala kitandani kwako kwa amani.

Uliuliza kama nyumba yetu imo. Imo, ni kisanduku cha kijivu chini ya tuta. Wewe humo, baba. Hakuna mtu kwenye modeli, kuna udongo na maji basi. Huwa ikifika jioni nakitazama kile kisanduku mpaka macho yanauma.

Jumamosi sitaweza kuja. Nisamehe. Kuna ripoti inatakiwa Jumatatu na hakuna mwingine wa kuiandika. Niwashie mshumaa na mimi.

Mwanao,
Hildegarda


Kilosa, Magomeni,
20 Desemba 2024

Mwanangu Hilda,

Milele amina. Marahaba.

Misa imepita vizuri. Padre alisema mengi na midomo yake ilitembea sana, naamini yalikuwa mema. Nilikuwekea nafasi kwenye benchi pembeni yangu, labda ungetokea. Akaja mama mmoja mnene anataka kukaa, nikamwambia ina mwenyewe. Nadhani nilisema kwa sauti kubwa kwa sababu kanisa zima liligeuka. Stefano katekista akanionyesha ishara ya kunyamaza. Mshumaa wako nimewasha.

Nimefurahi tuta limesimama na bosi wako kakusifu. Nilijua tu. Udongo ule sikukuletea hivi hivi, mwanangu, mimi si mtu wa kumtumia mtoto wangu takataka. Unakumbuka mama yako alivyokuwa akikutumia mchele ukiwa chuo? Hakuna punje ya chenga wala jiwe. Basi na mimi nilichukua ungo wake, nikakaa barazani tangu asubuhi. Niliutandaza juani ukauke. Nikatoa mizizi, maana ulikuwa umejaa mizizi ya matete humo hadi unakera. Nikatoa mchanga, kuna matabaka mazima ya mchanga, sijui waliojenga tuta walidhani wanamdanganya nani. Nikatoa changarawe na mavi ya panya, kwa sababu panya wamechimba pale mashimo ya kupitisha mkono. Ulipopungua nikakujazia na ule wa kichuguu cha karibu na kisima, ule tunaosiribia nyumba, mzuri, unashikana. Mpaka ndoo ikajaa udongo safi ambao ningeweza kukulisha.

Siku ile nilijisikia vizuri. Nilikuwa na mtu wa kumfanyia kazi.

Krismasi unakuja?

Baba yako,
Wenceslaus


Mikumi,
27 Desemba 2024

Baba,

Shikamoo.

Nimeisoma barua yako nimesimama kituo cha basi, nikakaa chini hapo hapo kwenye vumbi.

Umefanya nini, baba? Nani alikwambia usafishe? Mizizi ile ndiyo niliyokuwa naitaka! Mchanga ule, mashimo ya panya, yote hayo ndiyo tuta lenyewe. Maji hayapiti kwenye udongo mzuri. Yanapita kwenye tabaka la mchanga, yanaingia kwenye shimo la panya, yanalipanua kidogo kidogo kwa ndani huku juu majani yameota na watu wanapita na baiskeli, na siku moja kipande kizima kinaondoka. Wewe umenipa kichuguu. Nimepima kichuguu, nimekipa kompyuta kichuguu, nimeenda mbele ya wazee wazima wa kamati nimewaambia laleni salama nyuma ya kichuguu!

Na watu wamebaki kwa maneno yangu. Na wewe umebaki, na ndiye uliye karibu kuliko wote, na ndiye usiyesikia.

Sijui nimwambieje Mhandisi Bonifas. Itanibidi nimwambie.

Nina hasira, baba, acha niseme. Ndoo ilikuwa imejaa udongo mzuri kuliko udongo wowote niliowahi kupima na sikujiuliza. Nilifurahi tu.

Hama. Nenda kwa Bi Siwema, yeye yuko juu upande wa msikitini. Hama kabla ya mvua.

Hildegarda


Mikumi,
9 Februari 2025

Baba mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo.

Nimekuandikia mara mbili tangu mwaka uanze na hujanijibu. Ashrafu anasema barua unapokea, unaweka mfukoni, unamshukuru, unaingia ndani. Najua nilikuandikia vibaya siku ile. Nisamehe, baba. Sikupaswa kukupigia kelele kwa kalamu.

Nimewaambia. Mhandisi Bonifas hakunifokea, na ningeona afadhali angefoka. Aliniuliza kitu kimoja: kwa nini sikwenda kuchukua mwenyewe, na kwetu ni pale pale. Mafundi walitumwa Januari wakazamisha mabomba ya kuchukulia udongo mpaka chini ya tuta, labda uliwaona. Matokeo mapya yamefanywa na mtu mwingine, mimi nilipewa kuangalia tu. Mto ukijaa kufikia mizizi ya ile mikuyu, kona yetu haimalizi usiku. Nimeliona tuta likienda kwenye kioo cha kompyuta, baba. Linavimba kwa chini, linatoa maji meusi, linakaa kama mtu aliyechoka, halafu kile kisanduku cha kijivu hakipo.

Kamati imegeuza uamuzi. Wote wa pembeni mnatakiwa kuhamia shuleni kabla ya mwisho wa Machi. Pale shuleni wametundika kipande cha reli, kitagongwa maji yakianza kupanda ili waliobaki wakimbie. Nimewaambia yupo mzee mmoja asiyesikia. Wakaniambia majirani watamwamsha.

Mkataba wangu hautaongezwa. Nitakaa Mikumi mpaka kodi niliyolipa iishe. Hilo lisikusumbue, nitapata kazi nyingine.

Nijibu, baba. Hata mstari mmoja.

Mwanao,
Hildegarda


Ulaya, Kilosa,
2 Machi 2025

Kwa binti yangu Hilda,

Assalaam alaikum. Mimi ni Siwema, naandikiwa na mjukuu wangu ila maneno ni yangu, na kama yanachoma yaache yachome.

Ashrafu amenipitia hapa kijijini Ulaya akanisomea bahasha yako, "Kwa mkono wa Bi Siwema, Magomeni," unaniomba nimchukue baba yako akae kwangu. Kwangu wapi, mwanangu? Mimi Magomeni niliondoka baada ya Idi kubwa ya mwaka jana, mwanangu wa kiume alinichukua baada ya miguu kuanza kunivimba. Nyumba yangu pale anakaa mpangaji. Hakukuambia?

Eti namletea ugali na mlenda kila siku. Maskini mzee Wenceslaus. Tangu mama yako afe yule mzee anakula akikumbuka. Jirani wa kushoto kahama, wa kulia ni vijana wa pikipiki, wanarudi alfajiri. Soga anapiga na nani? Nilipokwenda kumwona mwezi uliopita nilimkuta kakaa kwenye kigoda katikati ya uwanja, ameelekea njia ya kutoka kituoni. Nikamuuliza kwa vidole, unamngoja nani? Akacheka. Akaniambia kwa ile sauti yake ya kuita treni: "Nimemharibia mtoto kazi, Siwema! Hawezi kuja tena sasa!" Barua zako anazisoma, zimechakaa kwa kusomwa. Kujibu anaona haya.

Na kuhama amekataa. Mwenyekiti wa mtaa kaenda, katekista kaenda, wote kawaamkia vizuri na kuwasindikiza.

Sasa nikuulize wewe msomi. Mzee yuko mwendo wa basi moja, unamwandikia barua za nini? Mama yako angekuwepo angekuchapa, na mimi ningemshikia viatu.

Wape shikamoo wakubwa wa huko. Wasalaam.

Siwema binti Mohamedi


Mikumi,
10 Machi 2025

Baba mpendwa,

Shikamoo.

Bi Siwema ameniandikia. Amenisema, na nilistahili.

Kumbe upo peke yako. Muda wote huu ulikuwa unanilisha ugali wa Bi Siwema kwenye karatasi nami nikashiba. Na mimi nilikuwa nakulisha ripoti. Hakuna ripoti ya Jumatatu iliyokuwepo, baba. Tarehe 14 Desemba nilikaa kitandani na nguo za kanisani hadi saa ya misa ikapita.

Siogopi kuja kwako. Naogopa nyumba. Nilipokuja ile mara moja baada ya arobaini, wewe ukaenda sokoni, nikaingia jikoni na sufuria zake zilikuwa zimepangwa vile vile alivyokuwa akizipanga, na khanga yake ya kijani ilikuwa kwenye msumari nyuma ya mlango. Nikatoka nje kinyumenyume. Nilikwambia basi limewahi, sikungoja hata yule samaki uliyemleta. Tangu hapo kila nikikata shauri kuja naiona ile khanga. Ndiyo maana nilikuagiza wewe udongo. Gari la gereji lilikuwa la kweli, lakini mabasi yalikuwepo.

Njoo ukae na mimi. Nina chumba kimoja, tutagawana na pazia. Kazi hujaniharibia, nimejiharibia. Njoo tu, baba, masika hayako mbali.

Mwanao,
Hilda


Kilosa, Magomeni,
Jumapili, 30 Machi 2025

Mwanangu Hilda,

Milele amina. Marahaba.

Barua yako nimeisoma mara nyingi kabla sijapata la kusema. Mimi nilidhani unanionea haya. Nilipokuja mahafali yako niliongea kwa sauti kubwa mpaka wenzako wakacheka, nikasema basi, mtoto hataki kuonekana na kiziwi. Nimekaa na hilo muda mrefu. Kumbe ni khanga.

Kuhama sihami. Si kaburi la mama yako, usidhani, lenyewe liko mlimani kwenye misheni, maji hayafiki. Wala si nyumba, nyumba yenyewe inavuja. Lakini mimi nikija kukaa nyuma ya pazia lako huko Mikumi, wewe kwenu itakuwa wapi? Baba yangu aliletwa hapa na reli, hakuwa na kwao. Alikufa akiulizwa kwao ni wapi. Nikajenga hii ili mtoto wangu akiulizwa ajibu. Nikiondoka wataivunja au mto utaivunja, yote mamoja, na wewe utabaki mtu wa kupanga maisha yako yote.

Usije kwa kunihurumia. Ukija, uje kwenu.

Mto umepanda kidogo, si wa kutisha. Hiyo reli yao ya shuleni waliijaribu Alhamisi. Nilijua kwa sababu niliona kuku wanakimbia.

Baba yako,
Wenceslaus


Kilosa, Shuleni,
Ijumaa, 4 Aprili 2025

Baba,

Sijui naandika barua hii nimpe nani akupe. Stefano katekista amesema ataishika, kwa sababu wanaookotwa wote wanaletwa hapa shuleni kwanza. Simu imezima na umeme hakuna tangu usiku. Na hata ungekuwepo nisingekuita kwa sauti. Kuandika ndiyo njia yetu.

Barua yako ya Jumapili niliipata juzi jioni. Jana nikapanda basi la Ashrafu. Sikukuandikia, nilitaka nikukute umekaa uwanjani ukitazama njia. Mvua ilitukamata Zombo, tukafika Ulaya daraja limefunikwa, nikalala kwa Bi Siwema. Alfajiri pikipiki ikanivusha kwa njia za mashambani, kwingine tukiibeba sisi.

Tuta limeondoka usiku, baba. Pale pale. Kona yetu.

Waliohama wako hapa wote, nimewahesabu kwa macho, wananishika mikono wananishukuru na mimi natazama nyuma yao. Reli iligongwa. Vijana wa pikipiki waliisikia wakakimbia, wanasema walipiga mlango wako, wanasema walipiga sana. Nimewauliza kama waliingia. Hawakuingia.

Nimekwenda nyumbani. Tope lipo hadi dirishani. Ukuta wa chumba changu umelala chini, mwingine unaegemea. Nimeingia, baba. Nimetambaa ndani nikipapasa kwa mikono, jikoni, chumbani kwenu, chini ya kitanda, nikiita kwa nguvu, mpumbavu mimi, nikikuita. Nilifika nyuma ya mlango wa jikoni. Msumari upo, khanga haipo. Sikuogopa chochote mle ndani isipokuwa kukuta kile nilichokuwa nakitafuta.

Wanasema tusubiri maji yapungue kuelekea mashamba ya chini. Nimekaa kwenye dawati la darasa la pili. Kila anayeletwa nasimama.

Nimekuja kwetu, baba. Uko wapi?

Hilda


Mikumi, kibarazani kwako,
Ijumaa, 4 Aprili 2025

Mwanangu Hilda,

Marahaba, hata kama hujaniamkia.

Usishtuke kuona mwandiko wangu umetoka Mikumi. Barua ya Jumapili ilipoondoka tu nikajuta, nilikuandikia kwa kiburi. Nikawaza, mtoto anaogopa nyumba, mimi siogopi safari, kwa nini asiyeogopa ndiye akae akingoja? Jana asubuhi mapema nikaondoka. Njia ya Ulaya waliniambia mbaya, nikapita Dumila hadi Morogoro, nikalala kwa Paulo mtoto wa kaka yangu, na leo mchana nimeshuka hapa.

Nimegonga mlango wako sana. Sijui niligonga kwa nguvu kiasi gani, kwa sababu watu walitoka nyumba ya tatu. Mwisho jirani yako Naomi akachukua mkaa, akaandika sakafuni: AMEENDA KILOSA KWA BABA YAKE.

Nilicheka, Hilda! Nilicheka mpaka nikashika ukuta, na Naomi naye akacheka bila kujua anachekea nini. Umekwenda! Na mimi nisiwepo, mjinga wa mwisho.

Sikiliza sasa. Ufunguo hauhitajiki, mlango nimeurudishia tu. Chumba chako nilikifagia Jumatano na nimetandika shuka ya bluu. Jikoni ingia bila wasiwasi. Vitu vya mama yako nimevifungasha vyote, sufuria na khanga, nimevipeleka kwa masista wakutunzie mpaka siku utakayovitaka. Hakuna kitakachokushtua humo ndani. Unga upo, na dagaa wako kwenye kopo jekundu.

Basi la leo haliendi. Nimeuliza sababu, wananijibu kwa mikono, wanaonyesha mvua, barabara, wananitazama kwa huruma sijui ya nini. Mama mmoja wa mgahawa kanipa chai akakataa hela. Watu wa Mikumi ni wema. Kuna kijana wa pikipiki anajaribu kwenda upande huo, nimempa barua hii na nimemwelekeza nyumba: ile ya mwisho chini ya tuta, asiyeijua hakuna.

Tulia hapo hapo nyumbani, mwanangu. Usiondoke. Nakuja na basi la kwanza.

Baba yako,
Wenceslaus